Ulichimba, Nikafukia

Naitiri,
Jumapili alasiri.

Kwako Nafula, mama yangu,

Siwezi kuanza kwa kukuuliza u hali gani, maana nimekuona kwa macho yangu mkitoka hapa baada ya kanisa, wewe na mama yako, mkielekea Ndalu kumuaga kukhu, nyanya yako. Ulikuwa mzima, tena ulikuwa umevaa sweta yangu bila kuomba ruhusa. Mimi pia ni mzima, isipokuwa hii nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimekaa kwenye meza ya kusahihishia vitabu vya wanafunzi, na kalamu niliyoshika ni ya bluu. Nimeitafuta makusudi. Ile nyekundu leo nimeifungia kabatini.

Kesho utapanda basi pale Kitale kwenda Nairobi. Nakujua na ninajijua. Nitabeba sanduku lako, nitagombana na utingo juu ya mahali pa kuliweka, nitakuambia "haya, nenda salama," halafu maneno yote niliyokuwa nayo nitarudi nayo nyumbani. Ndiyo maana naandika. Mambo ya sabuni, ya kufunga mlango na ya kutoamini kila anayekuita dada, mama yako atakuambia, na atayarudia, kwa hiyo mimi nayaruka. Mimi kuna swali lako moja tu ambalo sijalijibu.

Uliniuliza jana, tulipokuwa tunachambua maharagwe pale verandani. Hukuinua macho. "Baba, watu wakikuuliza naenda kusomea nini, utawaambia aje?"

Nikakohoa. Nikasema haya maharagwe ya mwaka huu yana mawe mengi. Wewe ukatabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu aliyezoea, ukaendelea kuchambua. Afadhali ungenikasirikia. Mtoto akikukasirikia, bado anangoja kitu kutoka kwako. Usiku kucha nimekuwa nikiliona lile tabasamu.

Basi niruhusu nianzie mbali, kama wazee wa kwetu wanavyofanya wakitaka kukwepa jambo. Lakini sitalikwepa, nakuahidi.

Ulizaliwa wakati wa mvua, kama alivyozaliwa mama yangu, na ukapewa jina lake. Ndiyo maana nikikuita mama sikutanii, ingawa wewe hupenda kuuliza, "Sasa nikikuwa mama yako, mbona hunisikii?" Ulipokuwa na miaka kama saba hivi, ulichukua mwiko wa mama yako wa kusongea ugali ukaenda kuchimba uani. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati yalikuwa yanaanguka mbele ya mlango na kufanya matope, na kule nyuma ya jikoni migomba ilikuwa inakauka kila mvua ikikatika siku chache. Wewe uliona mambo hayo mawili ukayaunganisha. Sisi wakubwa tulikuwa tumeyaona kwa miaka, na tulichofanya ni kuweka mawe ya kukanyagia.

Nakumbuka nilikukuta umelala kifudifudi, shavu limegusa ardhi, jicho moja umelifumba. Nikakuuliza kama unaumwa. Ukanijibu, "Naangalia pahali inateremka." Nikacheka nikaingia ndani kutafuta chai.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka shuleni na baiskeli, nyuma nimefunga vitabu vya darasa zima. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji wako. Mimi huku, vitabu kule, suruali ya kaki matope matupu. Nilipandwa na hasira hata nikasahau kukuchapa. Nilichukua jembe nikafukia mfereji wote mpaka kwenye migomba. Nikaukanyagakanyaga juu, kama mtu anayezika nyoka. Wewe ulisimama kwenye mlango wa jikoni ukitazama. Hukulia. Mvua iliyofuata ukachimba tena.

Ikawa hivyo kila msimu. Ulichimba, nikafukia. Ukapitisha huku, nikafukia. Ukazungukia nyuma ya ghala, nikafukia. Wageni wakija niliwaambia, "Huyu wangu ni fuko, hata sijui tulimtoa shimo gani," tukacheka, nawe ukacheka kwa adabu. Kwangu ulikuwa mchezo. Leo nadhani ni mimi tu niliyekuwa nacheza.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Ulipoingia darasa la nane mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wako wa Kiswahili. Mfumo wa elimu wa nane-nne-nne ulikuwa bado mpya, na sisi walimu tulikuwa na hofu kuliko nyinyi. Kila mtu alijua kwamba katika mtihani insha ya "Nitakapokuwa Mtu Mzima" haikosi, ikija kwa mlango huu au ule. Basi nikatunga insha moja nzuri, nikaiandika ubaoni, na darasa zima likaikariri. Bado ninayo kichwani: "Nitakapohitimu masomo yangu, nitakuwa daktari mashuhuri. Nitavaa koti jeupe pe pe pe mithili ya theluji ya mlimani, na wagonjwa watakaponiona, nyuso zao zitakunjuka kwa furaha." Theluji yenyewe sikuwa nimewahi kuiona, wala ninyi. Lakini ilikuwa inaleta alama. Darasa zima likawa madaktari. Kama wote wangefaulu, Naitiri ingekosa hata mtu mmoja wa kuugua.

Wewe peke yako ndiye hukuiandika. Nilipowapa zoezi, ukaleta karatasi yako mwenyewe, na mimi nikafanya jambo ambalo mwalimu hapaswi kumfanyia mtoto wa mwenziwe, sembuse wake. Niliisoma kwa sauti mbele ya darasa ili iwe mfano wa kupotoka. Uliandika hivi: "Nikiwa mkubwa nitakuwa mtu wa maji. Nitaangalia maji yanataka kwenda wapi, na watu wanataka yaende wapi, halafu nitafute njia ya kuwapatanisha."

Wanjala, yule mrefu aliyekuwa anakaa nyuma karibu na dirisha, akapiga kelele, "Si hata nyanya yangu ni mtu wa maji, bana! Ako na mtungi!" Darasa likaangua kicheko. "Mchota maji! Mchota maji!" Watoto wakapiga madawati.

Na mimi nikacheka, Nafula. Hilo ndilo nimetaka kuliandika kwa mkono wangu. Nilicheka, kisha nikaandika kwa wino mwekundu chini ya insha yako: "Nje ya mada. Andika upya."

Siku hiyo niliona mantiki ya kicheko ikiwa wazi kabisa. Kila msichana wa hapa hubeba maji kichwani tangu anapoweza kusimama. Shule tulimjengea ili siku moja autue ule mtungi. Halafu mtoto wa mwalimu, mtoto wangu, anakuja kuandika kwamba mtungi ndio anaoutaka! Niliona aibu. Sikusoma sentensi ya pili. Yaani niliisoma kwa mdomo, lakini sikuisoma.

Uliandika upya. Daktari, koti, theluji, nyuso zikakunjuka. Nikakupa alama za juu kuliko wote, na jioni nikakununulia mandazi. Uliyala yote, ukasema asante.

Msimu ule wa mvua hukuchimba. Nilirudi na baiskeli, gurudumu likapita sawasawa mpaka mlangoni, na mimi nikajisemea, mtoto wangu sasa amekua. Mama yako ndiye aliyeniuliza kwa nini umekuwa ukilala mapema. Nikamwambia ni masomo.

Ngoja nikuambie kitu ambacho hujawahi kukisikia, kwa sababu hapa nyumbani hakijawahi kutajwa. Nilipokuwa mdogo kidogo kuliko wewe sasa, mjomba wangu alikuwa mpiga litungu, kile kinubi cha nyuzi cha kwetu. Akialikwa arusini au kwenye sherehe za tohara, mimi nilikuwa nyuma yake kama kivuli. Nikajitengenezea litungu langu kwa debe la mafuta ya kupikia na nyaya za baiskeli. Lilikuwa linalia vibaya sana, hata mbwa walihama. Lakini nikiwa nalo nilikuwa nasahau njaa, na wewe unajua nyakati zile njaa haikuwa rahisi kuisahau. Baba yangu alikuwa ameokoka. Akaniambia bila ukali wowote, "Mwanangu, chombo cha walevi hakilishi mtu." Nikalitundika jikoni, moshi ukalimaliza. Nilifaulu, nikaenda chuo cha ualimu, kwa sababu siku zile ukifaulu kidogo hivyo, hukuulizwa. Ulikuwa mwalimu tu, kama vile mahindi yakiiva yanakuwa ugali.

Sijutii ualimu. Lakini miaka mingi nilikuwa mwalimu wa kawaida kabisa, mwenye fimbo na chaki. Siku moja watoto wa darasa la tatu walikataa kabisa kushika jedwali la saba, nikachoka, vidole vyangu vikaanza kugonga meza vyenyewe. Lile pigo la mjomba. Watoto wakalidaka. Wakaimba saba mara nne, saba mara tano, wakicheza mabega, na tangu siku hiyo hakuna mtoto wa darasa langu aliyewahi kuikosa saba mara nane. Wewe mwenyewe uliimba jedwali hilo hapa uani. Watu wakadhani ni mbinu nimeletewa na wakaguzi. Sikumwambia mtu. Nilidhani litungu lilikufa jikoni kwa baba yangu, kumbe lilikuwa limezunguka tu, likatafuta pengine pa kutokea.

Ungedhani mtu aliyeyaona hayo angekuwa wa kwanza kukuelewa. Wapi! Mtu aliyezibwa ndiye hodari wa kuziba.

Unakumbuka siku ile ya wazazi kule shuleni kwenu Bungoma, ulipokuwa kidato cha tatu? Mama yako alikuwa amebeba kuku na chapati kwenye beseni, tumekaa kwenye nyasi karibu na bweni. Yule mwalimu wako wa jiografia akaja kutusalimu. Nilimpenda mara moja kwa sababu alikubali paja la kuku bila kujifanya. Akaniuliza, "Mwalimu mwenzangu, huyu msichana nyumbani hufanya nini asipotumwa?"

Nikasema unapika, unafua, unasoma.

"Hayo ni ya kutumwa," akasema. "Asipotumwa je?"

Nikajaribu kutania. "Ah, zamani alikuwa anachimbachimba matope."

Hakucheka. Akakugeukia. "Ulikuwa unachimba nini, Nafula?"

Kabla hujamjibu ulinitazama mimi kwanza. Ulikuwa unaangalia kama una ruhusa. Macho yale sitayasahau. Halafu ukaanza kumweleza, kwanza polepole, kisha kwa mikono yote miwili: jinsi uwanja wetu unavyoonekana tambarare na sio, jinsi ukiweka shavu chini unaweza kuuona ukiinama, jinsi karibu na ghala kuna kilima ambacho hakuna anayekijua isipokuwa maji. Nilikuwa nimeishi kwenye uwanja huo tangu kabla hujazaliwa. Nilikaa pale nikishika mfupa wa kuku, nikisikia habari za nyumbani kwangu kama mgeni.

Yule mwalimu akasema kuna watu wanaosomea hilo hilo, kupima mteremko, kulaza mabomba, kutoa maji mlimani mpaka kijijini bila injini yoyote, yakisukumwa na uzito wake tu. Uso wako ulibadilika. Na mimi, baba yako, nikajipangusa mdomo nikasema, "Asante, mwalimu, lakini huyu tumeshamtengea uuguzi."

Tumeshamtengea. Kama kipande cha shamba.

Matokeo yako yalipotoka na ukaitwa kwenye vyuo viwili, kile cha uuguzi nilichokuwa nimekutuma uombe na kile cha maji ulichosaidiwa na mwalimu wako, sikuruhusu hata tujadili. Mama yako alijaribu. Nikasema nesi hakosi kazi. Nesi ataletwa hapa hapa kwenye zahanati. Ukasema, "Sawa, baba." Ukaenda kuosha vyombo.

Wiki iliyofuata nikaenda Kitale kukununulia viatu vyeupe vya uuguzi. Nilikuambia nilivikosa. Sikuvikosa. Leo nitakuambia kilichotokea.

Nilikwenda mpaka Tuwan, wanakouza mitumba, nikasikia mtu ananiita kwa sauti ya kutikisa mabati. "Mwalimu! Kalibu, kalibu! Wewe hata hauzeeki, bana!" Alikuwa Wanjala. Wanjala yule wa dirishani. Sasa ni mtu mzima, ana ndevu, na kibanda cha viatu vilivyopangwa vizuri kiasi kwamba nilisita kugusa. Akawageukia wateja wake. "Mnaona huyu? Huyu ndiye alinifundisha kuwa daktari." Akanyoosha mkono juu ya viatu vyake. "Na hii ndio wodi yangu."

Watu wakacheka. Halafu akasimama wima kama mtoto wa darasa la nane na akaikariri yote. Nitakapohitimu, koti jeupe, theluji, nyuso, mpaka nukta ya mwisho. Hakukosea hata neno. Nilicheka na wengine, lakini niliacha kabla yao.

Nikamwambia natafuta viatu vyeupe vya msichana, Nafula anaenda kusomea uuguzi.

Akanitazama. "Nafula? Si yule wa maji?"

"Ndiye huyo."

"Ati uuguzi?" Akachukua kitambaa akaanza kupangusa kiatu ambacho kilikuwa safi tayari. "Mwalimu, ile siku tulicheka yeye vibaya. Lakini nikuambie ukweli, kwa hiyo darasa yote, mimi nakumbuka insha yake peke yake. Yangu sikumbuki. Yangu si ilikuwa yako?"

Nikauliza nilichopaswa kuuliza zamani. "Na wewe, Wanjala, ulikuwa unataka kuwa nani?"

Akakigeuza kile kiatu. Mteja akaja, akauliza bei, akaenda zake. Wanjala bado alikuwa anafikiri, kiatu mkononi. Mwishowe akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Sasa mwalimu, unaniuliza leo?"

Nafula, nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote. Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo. Viatu vyeupe alinionyesha, vizuri, vya namba yako. Lakini kwenye msumari juu ya kichwa chake kulikuwa na jozi ya gambuti nyeusi, vile viatu virefu vya mpira vya kuingilia matopeni, zimening'inia. Nikasema nipe hizo.

Nilipofika nyumbani nikaziweka mezani, karibu na taa, nikakuambia, "Zijaribu." Basi. Ukazitazama, ukanitazama, ukazivaa ukiwa umekaa chini sakafuni kama mtoto, ukatoka nje ukauzunguka uwanja wote, ukaenda mpaka kwenye migomba ukarudi. Mama yako alichungulia kutoka jikoni akarudi ndani, na baada ya kitambo nikamsikia anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo kwaya haijawahi kuipata. Tangu siku hiyo kila mtu hapa nyumbani anajua unaenda chuo cha maji. Lakini mimi sijawahi kulitamka. Nilidhani gambuti zimesema. Jana kwenye maharagwe nikajua kwamba hazikusema vya kutosha. Ulikuwa unataka kujua kama baba yako bado anacheka.

Kuna jambo jingine, na hili hata mama yako sijamwambia. Nimekuwa nikijidanganya kwamba nilitaka uuguzi kwa sababu ya kazi. Hata! Zahanati iko karibu na shule yangu. Nilikuwa nimeshaona kichwani jinsi tutakavyokuwa tukirudi pamoja jioni, wewe na sare yako, mimi nikisukuma baiskeli, tukipita kwa mama wa mihogo. Sikuwa nakutafutia kazi, mama. Nilikuwa natafuta namna ya kukuzuia usiende mbali. Nilichukua hamu yangu nikaivisha koti jeupe. Wazazi wengi tunafanya hivyo, na tunaita kuwaongoza watoto.

Na hamu yenyewe haijaondoka, nisikufiche. Hujaenda bado, na tayari nakutafuta. Muda mfupi uliopita nilisikia hatua verandani nikainua kichwa, kumbe ni kuku. Nitakukumbuka unavyokunywa chai umesimama, ukiegemea mlango, kama mtu wa safari. Nitamkumbuka na yule wa miaka saba, ambaye nilikuwa naye hapa hapa na sikumtazama. Huyo hata ukirudi likizo hutaniletea.

Sitakuambia ufuate moyo wako. Moyo ni kama ng'ombe wa jirani, ukiufuata tu unaweza kujikuta kwenye shamba la mtu. Ninachojua ni kidogo. Kitu unachokipenda si lazima kiwe na jina kwenye mlango wa ofisi. Mimi sikuwa mpiga litungu, lakini litungu ndilo lililonifanya mwalimu. Huenda huko wakakukalisha kwenye karatasi miezi mingi bila kuona tone la maji, na ukadhani umepotea. Usiharakishe kukata tamaa. Tazama ni wapi katika kazi hiyo unasahau kula. Pale ndipo penye mteremko wako.

Na siku ukigundua kwamba hata maji si yenyewe, kwamba ulichokuwa ukikipenda ni ile sehemu ya kuwapatanisha watu, au kulala tu kifudifudi ukitazama dunia inavyoinama, njoo uniambie. Sitaki gambuti ziwe insha yangu nyingine uliyoikariri ili baba afurahi. Unaweza kuandika upya, na safari hii wino ni wako.

Sasa jibu lako.

Mlipotoka kwenda Ndalu, nilivua viatu vya kanisa nikachukua jembe. Nilitaka kuuchimba mfereji wako wa zamani. Nikagundua sijui ulipitia wapi. Nilikuwa nimeufukia vizuri sana, kazi yangu ile ndiyo pekee ambayo sikuifanya nusunusu. Basi nikalala kifudifudi, na suruali yangu ya Jumapili, shavu chini, jicho moja nimelifumba. Mama Simiyu wa hapo jirani akapita njiani na mtungi wake kichwani.

"Uwii! Mwalimu, umeanguka?"

"Sijaanguka. Naangalia pahali inateremka."

Akasimama. Unamjua Mama Simiyu, hawezi kupita kitu. "Na huyo msichana, ati anaenda kesho? Anaenda kusomea nini?"

Nafula, hapakuwa na maharagwe ya kusingizia. Nikainuka, nikajipangusa magoti, nikamwambia kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia: "Binti yangu ni mtu wa maji."

Akanibinulia mdomo. "Mwalimu nawe! Si sisi wote ni watu wa maji?" Akagonga mtungi wake kwa vidole.

Nikamwambia ndiyo, ninyi nyote. Lakini huyu anaenda kusomea namna ya kuutua huo mtungi.

Hakucheka. Aliushika mtungi kwa mkono mmoja akageuza shingo polepole kutazama mlima kule mbali, kisha akatazama mlango wake, kama anayepima. "Basi akirudi mwambie aanzie kwangu," akasema, akaenda zake.

Nimechimba mpaka mgongo umelia. Mvua imeanza nikiwa katikati ya barua hii. Umeisikia huko Ndalu bila shaka. Nimetoka na mwavuli kutazama. Maji yametoka kwenye mabati, yakaingia mferejini kwa heshima kabisa, yakapita kando ya jikoni, yakafika karibu na ghala, yakagoma. Yametuama pale, kile kilima chako ambacho hakuna anayekijua. Migomba haijapata hata tone la mfereji. Nimesimama pale nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, na nisingependa kusema yote yalikuwa ya kicheko.

Kwa hiyo nitakuwekea barua hii ndani ya gambuti ya kushoto, uisome ukiwa umeshaondoka, nisione uso wako. Mfereji nitauacha hivyo hivyo ulivyokosea. Ukirudi likizo utanionyesha ulikuwa unaupitisha wapi, nami nitashika jembe na kufuata mkono wako.

Sitaufukia tena. Baiskeli nitaibeba.

Ni mimi ninayekungoja,
Baba yako.